Kwa Mama Mukwe Aliyezungumza na Mujapani

Mpendwa mama mukwe,

Mila inanikataza kukuandikia. Najua, usianze kutafuta miwani kwa hasira. Mukwe mwanaume hamwandikii mama wa muke wake, kama vile hamwangalii usoni, hampi mkono, wala hali naye kwenye sahani moja. Lakini nilikaa nikafikiri, na mimi nikifikiri, mama, hata wale walimu walionitoa darasani kabla sijamaliza walikuwa wanapata wasiwasi. Mila haijakataza mutu kuandika barua ya wazi kwa watu wote wa Goma na Bukavu. Kwa hiyo hii ni ya watu wote, naituma kwenye telefone zao. Kama na wewe uko katikati ya watu wote, hilo si kosa langu.

Watu wote, salamu. Sasa mnyamaze kidogo, nina maneno na mama mukwe.

Mama, rudi. Nalisema mapema ili asiyekuwa na nafasi ya kusoma mpaka chini awe amesikia. Tumbo la binti yako Faida limefika pale anapovaa viatu bila kuviona. Ni mutoto wa kwanza, ule tuliyemngoja mpaka majirani wakachoka kuuliza. Anataka mama yake. Na wewe uko Bukavu kwa kaka yake, unasema kwenye telefone kwamba hutakanyaga tena kwetu Majengo kwa sababu unaona haya. Na haya hiyo ilianzia kwenye deraya yangu, yale mavazi ya chuma ya wapiganaji wa zamani wa Japani. Kwa kuwa wengi waliisikia nusu nusu sokoni, wacha niieleze yote, na wewe utanisahihisha mahali nitakapojisifu kupita kiasi. Utakuwa na kazi nyingi.

Unajua ninauza vipande vya gari za Kijapani pale Ndosho. Mimi ni mutu wa dunia. Nimefika Kigali, nimefika Kampala, na Dubai nilikaa mpaka mwenye kufagia hoteli akaanza kuniomba ushauri wa ndoa. Japani sijafika, lakini Japani inanifikia mimi, kipande kwa kipande. Siku moja, ndani ya kisanduku cha mbele cha gari iliyokuja imegongwa, nikakuta karatasi ya makumbusho fulani ya kwao. Ilikuwa na picha ya mutu aliyevaa chuma kilichoshonwa kwa kamba nyekundu, pembe kichwani, na kinyago cha chuma chenye masharubu. Nikawaambia wenzangu pale kazini, "Huyu nitamtengeneza." Wakacheka mpaka mumoja akamwaga chai yake. Mimi ukinicheka namna ile, umenipa kazi.

Hapo nikaanza uchunguzi. Neno hilo nalipenda, uchunguzi. Kila nilipopata pesa ya kuweka kwenye telefone, nilitazama video za watu wanaopinda chuma, nikasoma, nikauliza. Nilijiunga na kikundi cha watu wa Ulaya wanaofanya kazi hiyo kwa kujifurahisha, wakati wa mapumziko. Ndani yake kulikuwa na Mufaransa mumoja, muzee mwenye subira, anayetengeneza deraya kwenye gereji ya nyumba yake. Nilimuuliza nianze wapi. Akajibu kwamba kila mutu anaanza na "dō".

Sasa mama, Kifaransa changu ni cha kununua na kuuza. Kile cha vitabu sikukifikia. Lakini "dos" ya Kifaransa, inayotamkwa hivyo hivyo, naijua! Nani hapa Goma hajui dos? Ni mgongo. Ukienda kwa daktari unamwonyesha dos, ukibeba gunia la makaa ni dos ndiyo inalia. Nikasema, sawa, wapiganaji wa Japani wanaanza na mgongo. Watu wenye akili sana.

Nikatafuta kapo, ule mfuniko wa injini, wa gari ya Kijapani. Hapo nilijisifu na sijajuta mpaka leo. Watu wa Ulaya wanatengeneza deraya ya Japani kwa chuma cha kwao. Mimi chuma changu kimetoka Japani penyewe, kimepigwa na mvua ya Japani, kimegonga mti wa Japani! Nikakikata, nikakipinda, nikakitoboa matundu madogo madogo, nikakipaka rangi nyeusi ya gari mpaka ukaweza kujinyolea ndevu mbele yake. Chote nikakiweka mgongoni. Mbele nikaacha kamba na kitambaa, kama mutu aliyevalishwa shuka ya hospitali.

Wakati huo ulikuwa umeshahamia kwetu, baada ya muzee wako kufariki, Mungu amlaze pema. Nyumba ya mbao ya vyumba viwili, pazia katikati, na ndani yake mama mukwe na mukwe ambao hawatakiwi kutazamana. Wasomaji wa Goma wananielewa. Ukiingia, mimi natoka. Mimi nikitoka, nakukuta mlangoni, tunageuka wote wawili kama watu waliokanyaga makaa. Ukitaka kuniambia neno, ulipitisha kwa Faida, hata nikiwa nimesimama hapo hapo: "Muambie bwana yako chumvi imeisha." Faida naye ananigeukia: "Chumvi imeisha." Nami najibu: "Muambie mama nimesikia." Tulikuwa kama mkutano wa mataifa, na mkalimani mumoja asiyelipwa.

Faida akienda kusuka nywele za wateja, mkalimani hayupo. Ndipo ulipoanza kusema na birika. Nakumbuka vizuri. "We birika," ulisema, "mwenye nyumba akipata nafasi, mvua inaingia pale pembeni, inanidondokea kwenye sikio." Nikasema, "Birika, kesho napanda juu na turubai la shitingi." Birika lilikuwa na adabu, halikuongeza neno.

Basi siku nilipomaliza ule mgongo wangu, nikauvaa, nikatoka uani, nikasimama juu ya mawe ya volkano ili nionekane. Ulikuwa unachambua maharage. Hukuinua kichwa, lakini najua uliona, maana mkono ulisimama. Ukamwita Faida.

"Muulize bwana yako. Hawa Wajapani walikuwa wanapigana wakati wa kukimbia?"

"Kwa nini, mama?"

"Naona chuma chote kiko nyuma. Mbele wameachia adui tumbo. Au adui yao alikuwa ni mabibi zao?"

Faida alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikajibu kwa heshima kubwa, kupitia kwake, kwamba mila za watu wa mbali ni ngumu kueleweka, kwamba adui mwerevu anakuja kwa nyuma, kwamba nimefanya uchunguzi. Halafu nikaingia ndani, nikajifungia na telefone, nikamtumia yule muzee wa Ufaransa picha. Akajibu kwa upole kwamba kazi ni nzuri sana, ila dō ni neno la Kijapani, maana yake ni kiwiliwili, na uzuri wote unakaa kifuani. Akauliza kama nimeivaa kinyume kwa makusudi. Nikamwambia ndiyo, ni namna ya Goma.

Mama, hukunicheka tena. Ila tangu siku hiyo ulianza kufuatilia kazi. "Muambie bwana yako kamba zake zitafumuka." "Muambie bwana yako nyekundu ile ni ya rangi ya midomo, atafute iliyokolea." Ukachukua meshi za Faida, zile nywele za kuongeza, zile nyekundu za wasichana wa sikukuu, ukazisuka kamba nyembamba bapa, ngumu kama mkanda. Ukazituma kwangu kupitia juu ya pazia. Zilikuwa zinaanguka tu upande wangu, kama mana ya jangwani. Faida akalia kwamba duka lake linaibiwa na familia yake mwenyewe. Na kila kitu kilikuwa na jina la kutuchanganya. Kofia ya chuma inaitwa kabuto, nikaenda kwa fundi cherehani nikiuliza bei ya kabuti. Mikono ya chuma inaitwa kote. "Kote iko wapi?" aliniuliza Faida. Nikasema, hapa mkononi. "Hapa tu? Kumbe si kote!"

Kisha kikaja kinyago.

Nilikipiga kwa nyundo mpaka nikakipatia pua, mashavu, mikunjo ya hasira. Masharubu nilitumia burashi ya viatu. Mchana mumoja nikavaa kofia na kinyago, nikatoka kujaribu kama naweza kupumua. Ulikuwa peke yako uani. Ulishtuka, ukashika rozari. Halafu, mama, ukanitazama. Ulinitazama muda mrefu, macho yako kwenye yale matundu ya macho yangu. Miaka yote ile, hukuwahi.

Ukasema, taratibu, "Karibu, mugeni. Umetoka mbali?"

Mimi ni mutu wa dunia lakini nilichelewa kuelewa. Nikageuka kuangalia nani ameingia. Hakukuwa na mutu. Ndipo nikaelewa kwamba umepata mlango pale ambapo sisi wote tuliona ukuta.

"Nimetoka Japani, mama," nikasema. Sauti ilitoka ndani ya chuma kama ya mutu aliye kwenye pipa.

"Japani. Wanalima mihogo huko?"

"Wanalima gari, mama."

"Haya, kaa. Si kwenye kiti hicho, ni cha mukwe wangu, ana wivu na vitu vyake. Unamfahamu mukwe wangu?"

"Kidogo."

"Muambie anakoroma. Muambie mimi mjane nimezoea kimya."

Nilikaa kwenye ndoo. Tulizungumza mpaka maharage yakaungua, na jioni Faida akauliza ni nani ameunguza, ukasema, "Tulikuwa na mugeni."

Tangu hapo mugeni alikuja mara nyingi. Ukihitaji kuongea, ulikohoa namna fulani, nami nikaenda kuvaa uso. Ulinifundisha kusuka kamba. Ulinieleza namna muzee alivyokuposa huko kwenu Bushi, akaja na viatu viwili visivyolingana. Ulikiri kwamba mwanzoni ulidhani vipande vyangu vya gari ni vya wizi, na ukasali rozari nzima nisikamatwe kabla ya harusi. Baada ya harusi, ulisema, ingekuwa juu yangu.

Na siku ile moja, huku unavuta uzi, ulisema bila kuniangalia: "Mujapani, nikuambie neno, lakini usimwambie mukwe wangu. Ndugu za marehemu walinijia. Wakasema, mutoe binti yako kwa ule mutu, miaka inaenda, hakuna mutoto. Wakaja mara ya pili na mara ya tatu. Niliwaambia, mutoto atakuja au hatakuja, lakini ule mutu anamchekesha binti yangu kila siku ya Mungu, na mimi sikumzaa Faida ili alie." Ukakata uzi kwa meno. "Usimwambie, Mujapani. Atavimba kichwa, na kofia yake hii itampasuka."

Mama, kumbe kinyago cha Kijapani kina tundu dogo chini ya kidevu, la kutoa jasho. Watu wa kale waliliweka makusudi. Siku ile nililishukuru. Nilitumia tundu lile kwa mambo mengine kabisa, na bado ukauliza kwa nini Mujapani anadondokewa kifuani.

Sasa tufike kwenye siku mbaya. Shangazi yake Faida, wifi yako, dada mkubwa wa marehemu, alikuja kututembelea. Mama mwenye heshima, mwenye kitambaa kilichopigwa pasi mpaka kinakata. Alikaa anakunywa chai. Mimi niko chini nashona bega la deraya, uso wangu uko wazi, kama Mungu alivyouumba. Wewe uko nyuma yangu. Tulikuwa tumezoea, hilo ndilo lilituponza. Nikavuta uzi vibaya. Na wewe, mbele ya wifi yako, ukanipiga kofi mkononi:

"We Mujapani! Ukivuta hivyo utakata! Leta hapa, mikono yako kama ya mutu anayekamua mbuzi!"

Shangazi akaweka kikombe. "Wifi," akasema, "macho yangu yanazeeka au nimeona mukwe na mukwe wakipigana mikono?" Uliinuka kama mutu aliyemwagiwa maji. Asubuhi ulipanda boti ya Bukavu. Kamba ulizokuwa unasuka uliziacha kwenye kiti, nusu.

Nilingoja urudi. Faida akapiga telefone, ukasema mutu aliyekosa haya mbele ya wifi yake atarudi na uso gani. Basi nikaona jambo hili si la kungoja, maana tumbo la binti yako halingoji. Shangazi yuko mtaa wa Mapendo kwa mwanaye. Nikaweka deraya yote kwenye gunia, nikapanda moto, ile pikipiki ya abiria. Kwenye kizuizi wenye bunduki walifungua gunia, wakatoa kofia yenye pembe, wakatazamana.

"Hii inazuia risasi?" mkubwa wao akauliza.

"Hapana, chef. Inazuia mishale."

"Na mishale iko wapi?"

"Ndiyo maana, chef, haijawahi kunisaidia."

Wakaniachilia. Dereva wa moto alikimbia mpaka Mapendo bila kugusa breki.

Nilipiga magoti mbele ya shangazi. Nikamweleza yote: pazia, birika, mugeni wa mchana. Nikasema kosa ni la chuma changu, si la mama. Yeye akatoa kinyago kwenye gunia, akakigeuza, akanusa masharubu. Kisha, mama, uniamini, akavua kitambaa chake cha kichwa, akavaa kofia, akafunga kinyago. Akakaa wima pale kwenye kiti, mikono juu ya magoti. Nikaona wapiganaji wote wa Japani wangemwitikia amri.

"Sasa mimi si shangazi," akasema. "Sawa?"

"Sawa."

"Mimi ni Mujapani. Na Mujapani anakuambia hivi. Shangazi hakukasirika kwa ajili ya mila. Shangazi ana wakwe wanaume wengi. Wanamletea sukari, wanamletea vitenge, wanaweka mlangoni, wanaenda. Hakuna hata mumoja aliyewahi kumuuliza amelalaje. Siku ile alimwona wifi yake anampiga mukwe kofi kama mutoto wake wa kuzaa, na mukwe anacheka. Ikamuuma. Umesikia?"

"Nimesikia, Mujapani."

"Usimwambie shangazi kwamba nimekuambia."

Akavua. Akafunga kitambaa chake polepole, akawa shangazi tena. Akasema kwamba kwenye familia yenu kuna dawa ya jambo hili, na ni yeye dada mkubwa ndiye anayeitoa: mbuzi jike mumoja, asiye na kovu, kutoka kwa mukwe kwenda kwa mama mukwe. Ukimpokea, kinywa kimefunguka na macho yamefunguka. Mukwe anakuwa mutoto, kila mutu anaona, hakuna wa kusema. "Na Bukavu nitapiga telefone mimi mwenyewe," akasema, "mutu asije akadai sijui mila." Pale mlangoni akaniita tena, akiangalia pembeni. "Na ile siku utakayopita huku... unaweza kupita."

Nimeshapita mara mbili, mama. Analala vibaya upande wa kushoto.

Mbuzi amepanda boti asubuhi ya leo pamoja na mwana wa shangazi. Ni mweusi, mnene, ana tabia mbaya, amekula tikiti ya safari ya mutu pale bandarini. Asiye na kovu nilimtafuta mpaka Sake. Ukimkataa, nitaelewa, na sitakuwa na kinyongo, nitaendelea kukuheshimu nikiwa nyuma ya pazia mpaka tuzeeke. Lakini Faida tangu asubuhi anatembea uani, anashika ukuta, anasimama, anatembea tena. Nimemchekesha kwa kila nilichonacho. Nimemwigizia mbuzi, nimemwigizia dereva wa moto. Anacheka, halafu uso unabadilika, na jina analoita si langu. Mimi ninaweza kupinda chuma chochote cha Japani. Hili siliwezi, mama.

Kwa hiyo kama umemfungua mbuzi kamba, panda boti ya kesho. Nitakuwa bandarini mapema. Tatizo ni moja tu, nimeliona sasa hivi ninapoandika: hutanijua. Tumekaa nyumba moja muda wote huu na sura yangu yenyewe hujaitazama. Basi nikueleze. Usimtafute mwanaume mzuri, watu watakuonyesha mwingine. Nina masikio yaliyotoka nje kama milango ya gari iliyosahauliwa wazi. Meno ya mbele yameachana. Juu ya jicho la kushoto kuna alama, kapo iliniangukia. Tumbo limeanza, hilo ni la chakula chako. Nitavaa shati jeupe. Na wakiwepo wawili wanaofanana, mimi ni ule anayekuangalia moja kwa moja machoni na hageuki.

Usiharakishe kushuka, boti inacheza. Nitangoja. Unitazame mpaka ushibe, halafu twende kwa Faida.

Mutoto wako, kama mbuzi amepokelewa. Na kama hakupokelewa, mukwe wako,

Bwana wa Faida, Majengo